Maulida na Mabegi ya Msituni

Maulida Mwishehe alikuwa mgambo wa kata kwa miaka mingi kabla hajaanza kuuza mabegi ya mtumba pale Misugusugu, kando ya barabara ya Morogoro, na mpaka leo vibaka wakimwona amejifunga kanga kiunoni hubadili njia. Mmoja aliwahi kumpora mteja wake simu mbele ya kibanda. Maulida alimfukuza mpaka kwenye mtaro, akamwangusha kwa ngwala, akamkalia mgongoni na kumtandika kwa mkanda wa begi mpaka kijana akawa haombi tena msamaha, anaomba maji. Watu walipiga makofi. Kuna aliyemletea Maulida soda ya baridi. Hakuna aliyeuliza kijana yule alifikaje kwao. Ndivyo tulivyo: kipigo tunakishangilia, almuradi kisiwe chetu.

Na tuseme ukweli, kipigo kilimfaa. Mwanamke asiye na mume, mwenye kibanda kando ya barabara kuu, asipojulikana kwa ubaya wake atajulikana kwa unyonge wake. Maulida alichagua, na alichagua mapema.

Pigo moja tu lilichelewa, na hilo ndilo lililomkaa rohoni. Mdogo wake, Tunu, aliolewa Mlandizi na mwanamume aliyempiga leo na kumnunulia kanga kesho. Kila Maulida aliposema atakwenda kumvunja shemeji yake, mama yao, Bi Mwanamvua, alimshika mkono: ya ndani mwa watu hayaingiliwi, ndoa ni kuvumiliana. Tunu akavumilia mpaka siku mume alipochukua mchi wa kinu, akampiga nao kichwani, na Tunu hakuamka tena. Maulida alifika kabla ya polisi. Alimkuta shemeji amekaa kizingitini anatazama ua kama mtu anayesubiri chai. Akauokota mchi ule ule, akamvunja nao mkono, kisha taya. Polisi walipofika iliwabidi wamtoe yeye kwanza ndipo wamtie pingu muuaji. Walipoingia ndani walimkuta Hajra, mtoto wa marehemu, chini ya kitanda. Alikuwa na miaka mitano, macho makavu, ameuziba mdomo wake kwa viganja viwili.

Mwanamume yuko gerezani. Hajra alilelewa Magindu na bibi yake, miongoni mwa mihogo na mbuzi, mpaka alipotimiza miaka saba, ndipo Maulida akaenda kumwomba. Hakujaliwa mtoto wa tumbo lake, na alimtaka huyu kwa kiu ambayo haikumpa usingizi. Bi Mwanamvua alifikiri sana, akampa, ila kwa sharti.

"Ninakupa nikuone," alisema. "Siku nikisikia mtoto huyu ameingia katika vurugu yoyote, namchukua siku hiyo hiyo, na hutamwona tena ila kwenye sikukuu. Wewe ni mwanangu, lakini nakujua."

Maulida aliapa, na kiapo alikishika. Hajawahi kumwinulia Hajra hata fimbo ya kufukuzia kuku. Alimsuka, alimpikia uji wa ulezi, alimpeleka shule na madrasa. Mtoto naye alikuwa na adabu iliyopita kiasi: shikamoo asubuhi, vyombo vimeoshwa bila kutumwa, "ndiyo mama mkubwa", "hapana mama mkubwa". Lakini sahani ikianguka, au Maulida akigombana na dereva wa bodaboda mbele ya kibanda, Hajra alikuwa hayupo tena. Akitafutwa alikutwa nyuma ya choo, au kati ya marobota ya mabegi, amejikunyata. Maulida alijiambia kwamba ni woga wa kuzaliwa, na dawa ya woga ni kutembea.

Hapo ndipo safari za msituni zilipoanza. Mara moja kwa mwezi, siku ya Jumapili, aliwakusanya watoto wa jirani akawapakia kwenye Noah ya Seif, dereva aliyekuwa mpangaji wake, wakazunguka kwa upande wa Kisarawe mpaka kijiji cha Masaki. Pale waliacha gari chini ya mikorosho ya mtu aliyewajua, wakapanda kwa miguu mpaka juu ya kilima chenye msitu, wakala, wakashuka, wakarudi nyumbani kabla ya magharibi. Watu wa Misugusugu walicheka. Watoto wa Kiafrika wanapelekwa porini kutembea, kwani nyumbani maji hayachotwi? Maulida aliwajibu kwamba anayetaka kucheka acheke akiwa amekaa mbali na mkono wake.

Mabegi aliyatoa yeye, yale ambayo hayakuuzika kwa sababu ya zipu kufa. Alishona zipu mpya kwa mkono. Na jioni ya Jumamosi, kabla ya kila safari, ukumbini kwake kulikuwa na msako. Watoto walipanga mabegi yao wenyewe, hiyo ilikuwa sheria, kisha Maulida aliyapindua juu ya mkeka, moja baada ya jingine, kwa mkono ule ule uliozoea kupekua washukiwa.

"Abdulaziz, njoo hapa. Biskuti pakiti nne, maji hakuna. Utakunywa biskuti?"

"Nitaomba kwa Wema, shangazi."

"Wema ni kisima cha kijiji? Rudi ukachukue chupa mbili. Na hizi sambusa toa. Mafuta yanaleta kiu, kiu inaleta kilio, na kilio sikibebi mimi."

Kila begi lilikuwa na chupa mbili za maji zilizosimama wima, mihogo ya kuchemsha, yai, karanga na limao. Soksi za akiba zilifungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Suruali ndefu haikuwa ombi, kwa sababu ya upupu na siafu. Kanga moja kwa kila mtoto, wa kike na wa kiume: kanga ni shuka, ni kamba, ni machela, ni bandeji. Abdulaziz, kwa kuwa ndiye mkubwa, alibeba pamba, spiriti na bandeji zenyewe. Na kwenye mkanda wa bega wa kila begi Maulida alifunga filimbi, karibu na mdomo kiasi kwamba mtoto aliyevunjika mikono yote miwili bado angeifikia.

Kisha aliwasimamisha na kuwauliza kama paredi.

"Mkiona ugomvi?"

"Tunakimbia!"

"Halafu?"

"Tunajificha, tunapiga filimbi, tunakaa hapo hapo!"

"Na anayetoka damu?"

"Anafungwa kwanza, maswali baadaye!"

Jumamosi moja Bi Mwanamvua alikuwepo. Alikuwa amekuja kutoka Magindu na jogoo wawili, kuwasalimia, lakini kila mtu alijua amekuja kukagua. Alizitazama filimbi kwa jicho la pembeni.

"Haya madude ni ya kupigwa msituni?"

"Ndiyo, mama. Mtoto akipotea."

"Mluzi tu tunakatazwa kupiga porini, sembuse hilo. Unajua linamwita nani?"

"Linaniita mimi."

"Wewe na nyoka mtafika pamoja," alisema bibi, akaendelea kutafuna tambuu yake. Maulida alicheka, akaliona jambo limekwisha. Asubuhi, Seif alipopiga honi, alihesabu vichwa na kusahau kuyapindua tena mabegi. Hilo halikuwa kawaida yake, na atalijutia mpaka anazikwa.

Safari ilianza vizuri mno. Mvua za vuli zilikuwa zimepita na njia ilikuwa na harufu ya majani mabichi. Watoto saba walikwenda mstari mmoja, Seif nyuma akiwapiga picha kwa simu ili wazazi waone, Maulida mbele na panga la kufyekea. Hajra alikuwa wa pili. Katikati ya mlima akaanza kuimba, sauti ndogo, wimbo wa kuchezea rede, na Maulida hakugeuka, kwa kuogopa kwamba akigeuka wimbo utakatika. Walipopumzika, mtoto alifungua begi lake mwenyewe, akatoa chupa, akamnyooshea.

"Kunywa, mama mkubwa. Ya kwako itakwisha na wewe ndiye unayefyeka."

Maulida alikunywa. Akafunga kifuniko, akamrudishia chupa. Alifikiri, huyu sasa ni wangu. Alifikiri atakachomwambia Bi Mwanamvua jioni, na namna atakavyokisema bila kujisifu.

Wakala juu ya kilima. Katika kushuka walichukua njia nyingine, kwa kuwa watoto walitaka kuona upande wa pili, na huko, baada ya kona, wakaingia katikati ya moshi.

Lilikuwa tanuri la mkaa, limefukiwa kwa udongo, refu kama kaburi la watu wawili, linafuka pande zote. Miti iliyokatwa ililala huku na huku. Wanaume wawili walikuwa wanafunga magunia kwenye pikipiki. Mmoja alivaa kofia nyekundu ya sufi katika joto lile. Msitu ule ulikuwa umekatazwa kukatwa na wote pale walilijua hilo, na Seif, maskini, alikuwa bado ameinua simu yake mbele ya uso.

"Unapiga picha nini, wewe?" aliuliza mwenye kofia.

"Watoto tu, mkuu. Nawapiga watoto."

"Lete hiyo simu."

"Bro, nafuta mbele yako, angalia..."

Mpini wa shoka ulimpata mdomoni kabla hajamaliza. Maulida alisikia meno. Seif alikwenda chini kwa magoti, damu ikamwagika kidevuni, na yule mwanamume wa pili akamkanyaga mkono, akachukua simu, akampiga teke la kichwa kwa kiatu cha mvua.

"Kimbieni!" alipaza sauti Maulida, na watoto wakafanya kama walivyofundishwa. Kufumba na kufumbua hapakuwa na mtoto hata mmoja, ni majani tu yanayotikisika.

Kisha akaingia. Aliyewahi kumwona Maulida akiingia hawezi kusema alikuwa na hofu, wala hawezi kusema alikuwa na akili. Aliyenyang'anya simu aliliona panga, akachomoa lake, akamkata Maulida mkono wa kushoto chini ya kiwiko, kidonda kilichofunguka kama mdomo. Maulida alimrudishia kwa ubapa wa panga kwenye sikio, akampiga tena, na mtu yule akaona hiyo si kazi yake. Alirukia pikipiki, magunia yakaning'inia upande, akaondoka nayo akiyumba kati ya miti, na simu, na kumwacha mwenzake.

Mwenye kofia alizungusha shoka. Likalikuta panga, panga likaruka mbali. Maulida alimwingia kifuani kwa kichwa kabla hajaliinua tena, wakaanguka pamoja juu ya udongo wa moto wa tanuri, wakajiviringisha, akamng'ata mkono, shoka likaachiwa. Mkono mzima wa Maulida ukaangukia beleshi la kufukia mkaa. Alimpiga nalo begani. Akampiga mgongoni. Mtu akatambaa, akampiga miguuni. Mtu akajigeuza chali na kuinua viganja.

"Basi, mama. Basi. Nimekoma."

Hapo mtu mwingine angesimama. Maulida hakusimama. Alimpiga kwenye viganja vile vile vilivyoinuliwa, akasikia kidole kimevunjika, na badala ya kuchukizwa akasikia raha, raha ya kweli, iliyoanzia tumboni na kupanda mpaka kwenye meno. Alikuwa hampigi tena mchoma mkaa. Alikuwa anampiga mtu aliyekaa kizingitini Mlandizi. Alipiga, akatukana matusi ambayo hakujua bado anayakumbuka, akapiga tena, mpaka kofia nyekundu ikavuka na chini yake kukawa na kichwa cha mtu wa makamo, chenye mvi, kinachotoka damu.

"Dada Mau," alisema Seif kutoka chini, kwa mdomo usio na meno ya mbele. "Dada Mau, unaua."

Beleshi likabaki juu. Halafu likashuka pole pole.

Kukawa kimya, na katika kimya kile, filimbi. Ya kwanza kushoto, ya pili kutoka bondeni, nyingine nyuma ya miti iliyokatwa. Maulida alizifuata moja baada ya nyingine, damu ikimchirizika vidoleni, akawatoa watoto vichakani. Wote walikuwa wazima, isipokuwa mmoja aliyejificha kwenye upupu na alikuwa anajikuna huku analia. Aliwakusanya karibu na Seif. Wakafungua mabegi bila kuambiwa. Maji yakamwosha Seif uso, kanga ikamfunga kichwa, kanga nyingine ikamkaza Maulida mkono mpaka damu ikapungua. Abdulaziz, uso wake umepauka, akaelekea alipolala mchoma mkaa, akageuka.

"Na huyu, shangazi? Anatoka damu."

Maulida alitaka kusema muacheni. Neno lilikuwa ulimini. Lakini macho ya watoto yalikuwa juu yake, na sheria ilikuwa yake mwenyewe.

"Mfunge," alisema.

Ndipo alipohesabu vichwa na kukuta sita.

"Hajra yuko wapi?"

Alisikiliza kama kuna filimbi nyingine. Hapakuwa na kitu, ila tanuri likitoa sauti ya kuungua ndani kwa ndani. Akaita. Aliita jina lile kwa nguvu zake zote, upande huu na upande ule, mpaka ndege wakaruka. Yule wa pikipiki angeweza kurudi na wenzake. Na tanuri la mkaa lina mashimo usiyoyaona. Mtoto akikanyaga juu, udongo unafunguka na chini ni moto. Aliita tena. Hakuna.

"Shangazi," alisema Wema, ambaye alikuwa amelala na Hajra usiku uliopita kwa ajili ya safari. Alikuwa anaisokota ncha ya kanga yake. "Hajra hana filimbi."

"Nilimfungia mwenyewe."

"Bibi aliikata alfajiri, ulipokuwa unaswali. Kwa wembe. Akamwekea hirizi. Akamwambia porini akiitwa jina lake asiitike, kwa sababu majini ndiyo yanaita kwa jina. Mtu wa kwao atamwita kwa jina la mama yake."

Maulida alihisi damu imempanda kichwani. Kama Bi Mwanamvua angekuwa mbele yake saa ile, mzazi au si mzazi, Mungu angesamehe. Lakini chini ya hasira hiyo kulikuwa na faraja, na aliishika faraja hiyo kwa mikono miwili. Kumbe mtoto anasikia. Kumbe amekatazwa tu. Anangoja aitwe inavyopasa.

Tangu mazishi hakuwahi kulitamka jina la mdogo wake kwa sauti. Sasa alisimama kati ya visiki, akavuta pumzi.

"Mwana wa Tunu!" aliita. "Weee, mwana wa Tunu! Ni mimi! Toka!"

Aliita akishuka bondeni, akaita akipanda. Aliita kwa ukali kwa sababu aliogopa, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyozidi ukali. Alifyeka vichaka ambavyo havikuhitaji kufyekwa. Alirudi kwenye tanuri akalizunguka lote kwa fimbo, akichoma udongo, akitafuta palipotoboka, huku akisema "Ya Rabi, si humu, si humu". Seif alikuwa amepata simu ya Maulida kwenye begi lake na anazungumza kwa shida na mwenyekiti wa kitongoji. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Maulida akamwona akilini Bi Mwanamvua, mlangoni jioni ile, anauliza swali moja tu.

Upande wa nyuma wa tanuri, gogo la mninga lilikuwa limeangushwa juu ya vichaka, na chini yake kulikuwa na giza. Mbele ya gogo lile siafu walikuwa wanapita, mstari mweusi mpana kama mkanda. Maulida aliufuata kwa macho bila kufikiri. Mstari ulinyooka, kisha ukakatika na kusambaa, ukapanda juu ya kitu. Kitu kile kilikuwa raba ndogo ya buluu.

Hajra alikuwa amekaa chini ya gogo, magoti kifuani, begi mgongoni. Siafu walikuwa wamemjaa mpaka mapajani, wameingia ndani ya suruali, wamemng'ang'ania shingoni, na pale walipong'ata damu ilikuwa imetoka vitone vitone. Hakuwa amejitikisa hata kidogo. Kutoka pale mpaka mahali lilipoangukia beleshi, mtu angeweza kurusha kokwa la embe likafika. Alikuwa pale tangu mwanzo.

"Hajra. Mwanangu." Maulida alipiga magoti, akanyoosha mkono kumkung'uta. Mtoto akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili, haraka, kama mtu aliyezoea.

Mkono wa Maulida ukabaki hewani. Ulikuwa na damu mpaka kwenye kucha, na si yote ilikuwa yake.

"Ni mimi, mama mkubwa. Si jini. Nimekuita kwa jina la mama yako, kama bibi alivyosema. Hukusikia?"

"Nilisikia," alisema Hajra, ndani ya viwiko vyake.

"Hukujua ni mimi?"

"Nilijua ni wewe. Nilikuona."

Siafu mmoja alitembea juu ya sikio la mtoto, akaingia nyweleni.

"Nilikuwa nangoja umalize," alisema Hajra.

"Nimalize nini?"

"Kupiga."

"Nilikwishamaliza, mwanangu. Zamani. Yule ameshafungwa vidonda, Abdulaziz kamfunga. Nilikuwa nakutafuta wewe."

Mtoto alitikisa kichwa kidogo. Alijibu kwa adabu ile ile yake ya siku zote, kana kwamba anamrekebisha mtu mzima kwa heshima.

"Sauti yako ilikuwa haijamaliza."

Huko Misugusugu wapo wanaosema Maulida hajawahi kupigwa na mtu akaanguka. Siku ile alipigwa. Alifungua mdomo, akataka kujitetea: kwamba wale watu wangewaua, kwamba Seif amepoteza meno, kwamba kama mtu angeingia hivyo kule Mlandizi mapema, Tunu angekuwa hai. Yote yalikuwa kweli. Lakini kila alipotaka kuyasema aliisikia sauti yake mwenyewe imekwishajikunja kooni, tayari, na akaogopa kuitoa.

Alirudi nyuma kwa magoti, akamwita Wema kwa ishara ya kidole. Wema akaja, akaingia chini ya gogo, akaanza kuwatoa siafu mmoja mmoja. Hajra akashusha mikono. Alimwachia Wema shingo, akamwachia miguu. Wema alipofika kwenye wale walioganda nyuma ya magoti, Hajra akaanza kulia, kwa sauti, akilalamika kwamba inauma, kama mtoto yeyote.

"Vua suruali ukung'ute, kuna kanga kwenye begi," alisema Maulida, akajisikia, akarudia tena chini chini. "Kuna kanga. Jifunge. Kisha limao, upake palipovimba."

"Haya," alisema Wema. Hajra alimtazama Maulida mara moja juu ya bega la mwenzake, haraka, akimpima.

Kule njiani zilianza kusikika sauti za watu wa kijiji wanaopanda. Wangekuja na maswali, na baada yao angekuja Bi Mwanamvua na lake, na Maulida alijua atamjibu nini, kwa sababu sasa alijua kwamba mama yake hakukosea. Asingeficha. Kama mtoto atataka kwenda Magindu, atampakia nguo mwenyewe. Lakini hayo yalikuwa ya jioni. Kwa sasa alikaa chini kwenye majivu, mbali kidogo, mahali ambapo Hajra angemwona mwili wote. Akaiweka mikono yake miwili chini ya mapaja, ule mzima na ule uliokatwa, akaikalia, akangoja mtoto atoke mwenyewe.